Jina la Babu Limeandikwa Wapi?



Ni wangapi kati yetu huenda Kariakoo kununua vitenge na dagaa tukijua kwamba jina la mahali pale latokana na vita? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa hapo, na wenyeji wakalitamka jina hilo Kariakoo. Wapagazi walijitwika risasi na vyakula vya jeshi. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa.

Kutoka hapo si mbali hadi Barabara ya Samora, ilipo Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi wa vita vile, lakini hayamtaji kwa jina hata mmoja wao. Majina yao yalibaki kwa mama zao. Mama hao walipofariki, majina mengi yalikwenda nao.

Sisi wauguzi tuna deni. Kwa miezi kadhaa tulimhudumia nyumbani kwake mzee aliyepigana Vita vya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979. Tulimfunga kidonda cha mguu, tukasali naye, tukaaga. Hatukumwuliza lolote. Alipofariki, mjukuu wake alitoa nishani sandukuni akauliza, "Babu alipewa hii kwa kazi gani?" Nyumba nzima ilinyamaza, nasi tukanyamaza.

Vijana waliokuwa na miaka 20 wakati ule sasa wamepita 65. Wenzao wengi waliokufa wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka. Siku nyingine zote ni zamu yetu nyumbani.

Basi tuchukue daftari. Tuanze na maswali mepesi: Mlikula nini? Rafiki yako alikuwa nani? Mzee akinyamaza au akitokwa na machozi, tusimlazimishe. Tumpe chai, tukae naye, turudi siku nyingine. Akiwa hapati usingizi au anapiga kelele usiku, tusiwaambie watoto kwamba amerukwa na akili. Vita huacha majeraha yasiyoonekana, nayo yana matibabu, tumpeleke hospitali. Nyuma ya kila picha tuandike kwa penseli jina, mahali na mwaka. Wala tusimsahau bibi, aliyelea watoto peke yake akingoja habari za mumewe.

Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli waliambiwa watwae mawe 12 kutoka mto Yordani, ili watoto wao wakiuliza maana yake wapate jibu. Jiwe halisemi, mama zangu. Anayejibu ni mzazi, naye hawezi kujibu asichowahi kuuliza.