WAKALI WA VINANDA SONGEA, LIZOMBE SIYO INTRO YA AMAPIANO!

Leo nafunguka. Simtaji mtu jina, natupa jiwe gizani, ukisikia yowe ujue limempata.

Kuna mkali mmoja wa kinanda hapa mjini, harusi za Bombambili mpaka Msamala bila yeye hazinogi. Mkono anao, hilo sibishi. Sasa siku hizi kajipa cheo: balozi wa ngoma za asili. Fungua klipu zake. Sekunde kumi za lizombe, halafu linashuka biti la amapiano, lizombe kwisha habari yake!

Najua mtasema, si Wangoni wenyewe walitokea Afrika Kusini, kwa hiyo amapiano ni ndugu yetu. Hahaha! Wangoni walikuja kwa miguu, ngoma yao ikalelewa hapahapa. Amapiano imekuja kwa bando.

Kuchanganya siyo dhambi. Shida ni kuchagua wimbo kwa swali moja tu: utatrendi? Lizombe inaishi kwenye ngoma na kuitikiana. Ukitoa wapigaji na waitikiaji ukabaki na kinanda peke yake, umebeba chungu, mboga umeiacha jikoni.

Kama ndiyo unajifunza kinanda, au akodiani ile ya kuvuta kifuani, kwa nini usianze na mganda wa majirani zetu wa Nyasa, kule Mbamba Bay na Liuli? Mganda umezaliwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za jeshi enzi za mkoloni. Sauti inabebwa na malipenga, vile vibuyu vyenye utando ambavyo mtu anaimbia ndani. Yaani melodi imesimama yenyewe, kidole kinaifuata vizuri tu.

Wakikuyu wa Kenya walishafanya. Mwomboko wao unachezwa kwa akodiani na duara la chuma tangu miaka ya 1940.

Vigezo vyangu ni vitatu. Moja, uweze kuuimba wimbo wote na maneno yake kabla hujagusa kinanda. Mbili, mpigie mzee anayeucheza; bega lake lisipotikisika, rudi kafanye mazoezi. Tatu, sema umeutoa kwa nani na kijiji gani.

Hiyo ya tatu ndiyo inaniuma. Wazee wamemuimbia siku nzima, wakapewa soda. Klipu ikatoka imeandikwa mtunzi ni yeye! Ndugu yangu, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ina sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi. Hiyo siyo mali ya kuokota. Kila Februari 27 mnajipiga selfi na wazee hao pale Makumbusho ya Majimaji, Machi hamuwajui. Wakiondoka na nyimbo zao, utamsampo nani?

Balozi, kazi yako hii: lizombe moja, mwanzo mpaka mwisho, ngoma ya kweli, waitikiaji wa kweli, na majina ya wazee yaandikwe juu ya lako. Ukiweza, mimi wa kwanza kusambaza.

Je, nimekosea wapi wadau? Povu ruksa, tiririka hapo chini!