Mashindano ya kwanza ya ndege ndogo: mwanao asiende peke yake

Jumapili hii nazungumza na wazazi walio na kijana asiyechoka kutazama angani. Kwa watu wa Muyeye hilo si ajabu. Uwanja wa ndege wa Malindi ni jirani yao, na ni pwani hii hii, katika jukwaa la San Marco baharini kule Ngomeni, ambako setelaiti iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Basi kijana akikuambia anataka kushindana katika sarakasi za ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio, usimcheke. Muulize kwanza: nani atasimama nawe?

Swali hilo lina maana yake. Rubani wa mchezo huu husimama chini, macho yote kwenye ndege inayoruka kiasi cha mita 150 mbele yake. Hawezi kuinamia karatasi. Kwa hiyo huruhusiwa kuwa na msaidizi ubavuni pake, amsomee zoezi linalofuata: sasa kitanzi, sasa kubingirika, sasa kuruka chali. Majaji hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila zoezi, na alama za zoezi gumu huzidishwa zaidi. Huo ndio utaratibu wa Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, ambalo mashindano yake ya kwanza ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Uswisi mwaka 1960.

Msaidizi si lazima awe fundi. Mama aweza, kaka aweza, hata shangazi, mradi asome kwa sauti na asibabaike.

Maandalizi ya mwanzo hayana gharama. Kijana achore mazoezi yote kwenye karatasi, kisha ashike kipande cha mbao chenye umbo la ndege na kukirusha kwa mkono uani huku wewe ukimsomea. Dakika 10 kila jioni, baada ya kazi ya shule, zatosha. Hata marubani mabingwa hufanya hivyo, kwa kuwa ndege ikishapaa haimngojei mtu akumbuke.

Jambo la pili ni upepo. Sisi wa pwani twaijua kaskazi na twaijua kusi. Majaji hutazama mstari ambao ndege imeuchora angani, hawajali pua imeelekea wapi. Kitanzi kikisukumwa na upepo hugeuka yai, na alama hupungua. Kijana ajifunze kuielekeza pua kidogo upande utokako upepo ili mstari ubaki umenyooka. Anayefanya mazoezi siku za shwari tu amejifunza nusu ya mchezo.

La tatu halina mjadala. Asirushe Muyeye kwenyewe bila idhini, wala ufuoni penye watu. Ndege ya abiria inaposhuka kutua haina nafasi ya kukwepa kitu kilichojitokeza ghafla mbele yake. Tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani ndani yake, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA. Mzazi aulize huko kwanza, ndipo atafute kiwanja kilicho mbali na uwanja wa ndege na makazi.

Nyumbani nako kuna hatari. Betri za lithiamu huweza kulipuka moto. Zichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na godoro, na mtu awepo. Zisiachwe usiku kucha. Na propela isifungwe wakati mnapojaribu mota mezani, kwani hukata vidole.

Siku ya mashindano ikifika, msimfundishe jambo jipya asubuhi hiyo. Kagueni pamoja: betri imejaa, skrubu zimekaza, mabawa hayachezi, na usukani wa kulia unapeleka kulia. Lengo la mara ya kwanza lisiwe kikombe. Lengo ni kumaliza mazoezi yote, maana zoezi lililorukwa hupata 0, na kurudi nyumbani na ndege nzima.

Lakini huenda isirudi nzima. Ndege iliyojengwa kwa miezi kadhaa huweza kuvunjika kwa nukta moja, mbele ya watu wote. Wakati huo hakuna tena zoezi la kumsomea mwanao. Msaidie kuokota vipande, usimkemee, wala usimtajie gharama mpaka mfike nyumbani. Ukifanya hivyo, kesho atachukua gundi na kuanza upya. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.