Paipu ya faiba iwe yako, waya uwe wao

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kidogo. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nachimba mtaro.

Ndiyo, mtaro! Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika programu, na ambaye mara ya mwisho kushika jembe nilikuwa mtoto wa shule, likizoni kwa nyanya kule Seme. Kisa chenyewe ni hiki.

Naishi Migosi, hapa Kisumu, kwenye ua wenye nyumba saba na geti moja. Intaneti yetu ilikuwa inaingia kwa waya uliotundikwa: unatoka kwenye nguzo ya barabarani, unapita juu ya geti, unaegemea mwembe wa jirani, mpaka dirishani. Siku moja lori la mchanga likaingia na kuondoka na waya wote. Siku nne bila mtandao, na nilikuwa na kazi ya kumkabidhi mteja wa ng'ambo. Nilishinda mkahawani nikinunua chai nisiyoihitaji, na mteja bado akatafuta mtu mwingine. Kwa hiyo msishangae nikiandika kwa hasira kidogo.

Baadaye kampuni moja ikatuletea pendekezo tamu. Watachimba mtaro bure, walaze paipu kutoka barabarani hadi kila nyumba. Sharti: paipu ni mali yao, na kampuni nyingine haitapitisha kitu humo. Tulipokaa kikao karibu wote walikubali, maana bure ni bure. Mzee wa nyumba ya kwanza, mwalimu mstaafu, akanigeukia: "Nyathina, si wewe ndiye uliyesomea kompyuta? Mbona unapinga intaneti?"

"Hapana, Mwalimu. Waya nautaka sana. Nisichotaka ni paipu isiyo yetu."

Nieleze nilivyowaeleza. Uzi mmoja wa faiba ni kioo chenye unene wa milimita 0.125, na waya mzima unaoingia nyumbani ni mwembamba kuliko penseli. Gharama haiko hapo. Gharama iko kwenye udongo: kuchimba, kung'oa kabro, kufukia, kurudisha kabro. Ukishachimba mara moja, nani atakubali uchimbe tena kwa sababu kampuni ya kwanza imepandisha bei? Nanyi mnaoandika programu mnajua kinachompata mtu anayefunga mfumo wake wote kwa mtoa huduma mmoja. Siku ya kuhama analia.

Hili si wazo langu. Mwaka 1994 jiji la Stockholm lilianzisha kampuni yake, Stokab, ilaze faiba na kuikodisha kwa kampuni yoyote inayotaka. Wauzaji wa intaneti wanashindana juu ya njia ileile moja. Ua wetu ni Stockholm ndogo, yenye kuku.

Tukachanga wenyewe. Mita 38 kutoka geti hadi nyumba ya mwisho, siku mbili na nusu, vijana wawili wa kibarua na mimi (mchango wangu msiupime). Ndani ya ua tulikwenda kina cha sentimita 45, na pale getini malori yanapopita, 60. Paipu kuu ni ya milimita 50 ili nyaya kadhaa zienee. Udongo wetu mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, basi tuliizungushia mchanga. Fundi alitaka kuweka elbo kwenye kona, nikakataa: kioo hakipendi kukunjwa ghafla, na kuvuta waya kwenye kona kali ni mateso. Tulipinda kwa duara pana. Mteremko tuliuelekeza barabarani, maji yasije sebuleni, na ncha zote tukaziziba kwa sababu ya panya.

Halafu kuna uzi wa kuvutia. Usifukie paipu bila uzi ndani! Mimi nilinunua nailoni ya wavuvi pale Dunga, haiozi. Nilifunga kipande cha sponji kwenye ncha yake, nikaazima kifyonza vumbi kwa jamaa wa kuosha magari, tukaufyonza hadi upande wa pili.

Tulikosea pia. Tulitoboa paipu ya maji ambayo hakuna aliyejua ilipita wapi, na Jumapili nzima ua ulikuwa mkavu. Mama wa nyumba ya tatu bado ananisalimia kwa kidevu tu.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya wenye ua na kabro. Ni kweli, kule Nyalenda au Manyatta nyumba zimebanana na waya wa hewani utaendelea kuwa ndiyo njia ya haraka. Simlaumu mtu. Lakini mwenye ploti anayejenga leo, ambaye mtaro wa maji uko wazi mbele yake, kwa nini asilaze paipu tupu kando? Na barabara inapowekwa lami, kwa nini paipu za kuvuka chini yake zisitangulie? Mwaka 2009 SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari nilikuwa shule ya msingi. Kioo kimesafiri kutoka huko hadi Kisumu, halafu kinakwama kwenye mita 38 za mwisho, juu ya mwembe.

Tena mnajua radi za ziwani. Waya wa hewani mara nyingi una uzi wa chuma wa kuushikilia, na chuma hupitisha umeme. Tuliovutiwa sasa chini ya ardhi hauna chuma.

Kampuni ileile ilikuja, ikanuna kidogo, ikavuta waya wake kwa dakika ishirini. Baada ya mwezi ikaja ya pili. Mwalimu amehamia hiyo, anasema ni nafuu. Uzi wa nailoni bado umo ndani, tumeufunga kwenye msumari karibu na geti.