Riwaya za bomu la nyuklia: je, hayatuhusu sisi watu wa pwani?

Mwezi Mei 2025 India na Pakistani, nchi mbili zenye silaha za nyuklia, zilishambuliana kwa siku nne, kuanzia tarehe 7 hadi 10. Mkataba wa New START, uliokuwa wa mwisho kuweka kikomo kwa silaha kubwa za nyuklia za Marekani na Urusi, ulipangiwa kuisha tarehe 5 Februari 2026. Habari kama hizi tunazisoma redioni, zinapita, kisha tunarudi kwenye bei ya dagaa na taarifa ya mvua.

Taarifa ya habari hupita, kitabu hubaki. Wasomaji wa Kiswahili wamekuwa na riwaya inayogusa jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, na Wajapani wanayo yao. Katika makala haya tunatazama jinsi wasomaji walivyozipokea riwaya hizo mbili, na jinsi mapokezi hayo yanavyotugusa sisi tulioko Bagamoyo, Saadani, Pangani na vijiji vya katikati.

Riwaya zenyewe ni zipi?

Ya kwanza ni Mzingile ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki dunia Januari 2020. Ilitoka mwaka 1991, mwaka uleule Muungano wa Kisovieti uliposambaratika na Vita Baridi kufika mwisho. Msimulizi yuko safarini kumtafuta mzee wa ajabu, na mwishowe anajikuta katika dunia iliyoteketea, karibu haina watu. Wahakiki kadhaa wameisoma dunia hiyo kuwa dunia baada ya vita vya nyuklia.

Ya pili ni ya Kijapani. Masuji Ibuse aliandika Kuroi Ame, maana yake "mvua nyeusi", iliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1966. Hii ni riwaya ya kihistoria hasa, inayohusu mji wa Hiroshima uliopigwa bomu na Marekani tarehe 6 Agosti 1945. Baada ya mlipuko ilinyesha mvua nyeusi iliyochanganyika na masizi na vumbi lenye mionzi. Kisa kinamhusu binti aitwaye Yasuko, ambaye kila akipata mchumba, posa inavunjika. Watu wananong'ona kuwa ana ugonjwa wa bomu. Mjomba wake anaamua kunakili kumbukumbu za siku zile ili kuthibitisha kuwa binti ni mzima.

Msikilizaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Sote tunajua namna uvumi wa ugonjwa unavyoweza kufunga mlango wa posa.

"Kitabu kigumu"

Lalamiko la kwanza kuhusu Mzingile, na kuhusu Nagona iliyoitangulia mwaka 1990, ni kwamba hakieleweki. Waliompenda Kezilahabi kwa Rosa Mistika ya mwaka 1971, yenye kisa kilichonyooka cha binti na baba mkali, walijikuta wameshika kitabu chembamba kisicho na mji unaojulikana, kisicho na tarehe, na chenye watu wanaotokea na kutoweka kama ndotoni. Wahakiki nao walijadili kama vitabu hivi viitwe riwaya au vitafutiwe jina jingine.

Ugomvi wa wasomaji na Kezilahabi haukuanzia hapo. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, halafu baadaye ikawa kitabu cha kusomwa na wanafunzi. Diwani yake ya Kichomi, ya mwaka 1974, iliwasha mjadala mkali kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mara zote wapo waliosema ameharibu, na wapo waliosema amefungua njia.

Wajapani nao walibishana juu ya Kuroi Ame, ila kwa upande mwingine. Ibuse alitegemea sana shajara ya mtu aliyeokoka bomu, hata baadhi ya wasomaji wakauliza kazi ya mwandishi iko wapi. Wengine walijibu kuwa hapo ndipo penye nguvu ya kitabu: chakula kilichopikwa, njia iliyopitwa, maiti zilizohesabiwa, kila kitu kwa siku yake. Riwaya hiyo ilipata tuzo ya Noma mwaka 1966, na mwaka 1989 ikatengenezewa filamu.

Kwa maoni yetu, tofauti hii ina sababu. Mjapani aliandika jambo lililokwisha kutokea, ndiyo maana anaweza kutaja siku na mtaa. Kezilahabi aliandika jambo ambalo halijatokea kwetu, na likitokea huenda asibaki wa kulisimulia. Basi msomaji anayepotea njia ndani ya Mzingile anapata kidogo hali ya mtu ambaye dunia yake imefutwa. Na jina lenyewe linatuonya, kwani mzingile ni njia za kupoteza watu.

"Hayo ni ya wakubwa"

Jibu la pili tunalolisikia mara nyingi watu wakizungumzia mabomu ya nyuklia ni kwamba sisi hatumo. Hatuna bomu, hatuna adui, anayetaka kupigana na apigane huko kwao. Jibu hili lina hekima yake, lakini historia inalipinga.

Urani nyingi iliyotumika katika mpango wa Marekani uliotengeneza bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Waafrika ndio walioyachimba mawe hayo, katika mkoa ambao Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini. Bomu lile lilikuwa na nguvu sawa na tani 15,000 hivi za baruti. Chukua malori 500, kila moja limebeba tani 30, yapange katika barabara ya Bagamoyo, halafu yalipuke yote kwa pamoja juu ya mji mmoja. Kufikia mwisho wa mwaka 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 74,000 Nagasaki.

Na wanaume wa Tanganyika walikuwa ndani ya vita hivyohivyo. Vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wazee wetu waliviita Keya, vilipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944. Kwa askari aliyekuwa bado jeshini Agosti 1945, mwisho wa vita ulimaanisha kurudi nyumbani. Ndiyo maana si haki kumlaumu mzee aliyeambiwa kuwa bomu limemaliza vita naye akashukuru. Lakini kitabu kama cha Ibuse kinamfanya mjukuu wake aone upande wa pili wa habari ileile.

Pwani hii ina kumbukumbu yake ya kupigwa na silaha isiyo na mfano. Wakati wa vita vya Abushiri, mwaka 1888 na 1889, manowari za Wajerumani zilipiga mizinga miji yetu kutoka baharini, mahali ambapo bunduki za kienyeji hazikuweza kufika. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi mrefu, nao umebaki hadi leo. Kwa hiyo mtu wa mrima kusoma habari za vita vilivyoandikwa na walioonja si jambo geni.

Moshi hauna mpaka

Tuseme vita vya nyuklia vinatokea mbali, na hakuna kombora hata moja linaloanguka Afrika. Je, tumesalimika?

Wanasayansi waliochapisha utafiti katika jarida la Nature Food Agosti 2022 walikokotoa hali hiyo. Miji inapoungua, masizi hupanda juu sana, kupita mawingu ya mvua, hivyo hakuna mvua ya kuyaosha. Hukaa huko kwa miaka yakizuia mwanga wa jua. Ardhi inapoa, mvua inapungua, mazao yanashindwa. Watafiti hao walikadiria kuwa vita kati ya India na Pakistani peke yake vingeweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 2, na vita kati ya Marekani na Urusi zaidi ya bilioni 5. Wengi wa hao hawangekuwa raia wa nchi zinazopigana.

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani. Mkulima wa mpunga bonde la Ruvu anategemea mvua na mto. Mama wa mwani Mlingotini anategemea jua la kukaushia na maji yenye joto lake la kawaida. Mvuvi anategemea samaki, samaki wanategemea vijimea vya baharini, na vijimea vinategemea mwanga. Hapo hatujafika kwenye mbolea, ngano na mafuta yanayoletwa na meli.

Mfano mdogo tulikwishauona. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bila bomu lolote la nyuklia, bei za mafuta, mbolea na ngano zilipanda, na serikali yetu ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali ya bei ya mafuta. Hiyo ilikuwa vita ya nchi mbili, kwa silaha za kawaida.

"Kiyama ni cha Mungu"

Jibu la tatu ni la imani, na pwani hii ya misikiti na makanisa linasikika sana. Mwisho wa dunia uko mikononi mwa Mungu, basi riwaya ya kuteketea kwa dunia ni kujiingiza katika mambo yasiyo yetu. Wengine wanaona katika Mzingile dharau kwa dini, kwa sababu yule mzee anayetafutwa amesomwa na wahakiki kuwa anafanana na Mungu.

Hoja hii tunaiheshimu. Lakini mwenye imani anaweza pia kutenganisha mambo mawili. Kiyama kina siku yake asiyoijua mtu. Bomu lina kiwanda, lina bajeti, lina mtu anayeamuru. Duniani leo kuna vichwa vya nyuklia vipatavyo 12,000, na vingi ni vya Urusi na Marekani. Kilichotengenezwa na mkono wa mtu kinaweza kuzuiwa na mkono wa mtu.

Mwalimu Julius Nyerere, muumini aliyehudhuria misa kila siku, hakulinyamazia suala hili. Tarehe 22 Mei 1984 alijiunga na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki kuyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yaache kuzijaribu na kuzilimbikiza. Tanzania haikuwa na bomu la kuweka mezani, lakini ilikuwa na sauti. Mwaka 1996 nchi za Afrika zilitia saini Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulianza kufanya kazi tarehe 15 Julai 2009, na Tanzania ni mwanachama.

Urani yetu

Kuna sababu ya kusoma vitabu hivi sasa hivi. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, unaohusishwa na shirika la Rosatom la Urusi. Kiwanda kikubwa kinakusudiwa kuzalisha hadi tani 3,000 kwa mwaka.

Tuseme wazi ili tusitiane hofu: kinachotoka Namtumbo si bomu. Urani ya asili ina asilimia 0.7 tu ya ile aina inayotakiwa. Mitambo mingi ya umeme huhitaji asilimia 3 hadi 5, na bomu huhitaji karibu asilimia 90. Safari kati ya namba hizo ni ndefu na ghali, na inasimamiwa na sheria za kimataifa.

Hata hivyo mwananchi ana haki ya kuuliza. Eneo la mgodi lilitolewa ndani ya Pori la Akiba la Selous mwaka 2012, na maji ya huko yanaelekea bonde la Rufiji, hadi baharini. Nani anapima maji hayo, na majibu yanatangazwa wapi? Urani yetu inauzwa kwa nani, na kwa matumizi gani? Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo wafanyabiashara wa samaki na mazao wanaifahamu kwa kupima mionzi katika bidhaa, ndiyo ya kuulizwa kwanza. Mbunge na diwani nao wanaweza kuulizwa.

Mwaka 2021, miaka 76 baada ya bomu, Mahakama Kuu ya Hiroshima iliamua kuwa watu 84 walionyeshewa na mvua nyeusi nje ya eneo lililokuwa likitambuliwa na serikali wana haki ya kutibiwa kama manusura wengine. Serikali haikukata rufaa. Mwaka 2024 chama cha manusura, Nihon Hidankyo, kilipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Watu hao walianza wakiwa wanyonge, wagonjwa na wanaosengenywa, kama Yasuko wa riwaya. Waliendelea kuuliza hadi wakajibiwa.