Anajua Jibu, Hawezi Kuliandika

Mkute kwenye benchi la mama yake, mama lishe. Sahani tatu za wali samaki kwa 3,500 kila moja, chai mbili kwa 500 kila moja, mteja katoa noti mbili za elfu kumi. Mama hajaanza kuhesabu, mtoto keshasema: chenji 8,500. Kesho yake shuleni mpe aya ya mistari minne. "Baba" anaisoma "dada", mstari wa pili anauruka, na daftari linarudi na wino mwekundu: "Mvivu. Kaza buti."

Kila mwalimu anamjua mtoto huyu. Wazazi nao wanamjua, ila wao humwita mtundu. Ana akili kuliko wengi wa rika lake, na ana disleksia, yaani ubongo wake unapata taabu kuunganisha herufi na sauti. Kwetu mambo hayo mawili ni kama hayaruhusiwi kukaa kwenye kichwa kimoja. Mwenye kipaji anaelekezwa shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala. Mwenye mahitaji maalumu anatafutiwa kitengo chake. Mwenye vyote viwili anaonekana wa kawaida tu: akili inaficha shida, shida inashusha alama.

Hata Kiswahili kinamsitiri. Kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto mwerevu atajikongoja silabi kwa silabi, au ataikariri hadithi nzima kwa kumsikiliza mwenzake, kisha "ataisoma" mbele ya darasa bila kukosea. KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anavuka kwa ujanja. Anafika Kidato cha Kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, lugha ambayo maandishi na matamshi yake hayapatani, na ujanja unamwishia. Hapo ndipo tunapoanza kusema ameharibiwa na makundi.

Kinachoudhi ni kwamba njia ya kumsaidia ipo. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Utaratibu mzuri. Lakini asiyeona ana fimbo nyeupe ya kumsemea. Huyu wetu hana fimbo. Shule isipomtambua mapema, jina lake linakwenda pamoja na ya wengine, na dakika hizo anazisikia kwenye redio.

Chuo cha Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Hawawezi kufika kila darasa, wala hatudai wafike. Tunadai mwalimu wa kawaida afundishwe kumtofautisha mvivu na mtoto aliyekwama. Jaribio lenyewe halina gharama: mwite mezani, msomee swali, mwache ajibu kwa mdomo. Akijibu vizuri kuliko alivyoandika, na ikawa hivyo kila mara, tatizo si uvivu. Apelekwe kwa mtaalamu.

Na tuache kumkaririsha darasa. Huko anafundishwa upya hesabu alizozijua mwaka juzi, anachoka, anaanza fujo, tunapata sababu ya kumchapa. Mtoto wa namna hii anahitaji hesabu ngumu zaidi na msaada wa kusoma, vyote katika wiki ileile. Kumpa kimoja huku tukisubiri kingine kipone ni kumpotezea miaka.

Wizara nayo itazame upya mlango wa shule za vipaji maalumu. Alama za mtihani wa kuandika haziwezi kuwa kipimo pekee cha kipaji, hasa kwa mtoto ambaye shida yake ni kuandika.

Mwalimu mkuu, kabla hujapeleka orodha ya watahiniwa wa mwaka huu, mwite mwalimu wako wa Hisabati umuulize: nani hapa anajua jibu na hawezi kuliandika? Atakutajia jina bila kufungua daftari.