Zawadi ya Chicago na miguu ya watu wa mine

Mwezi wa 3 wa mwaka 2017, mu muji wa Chicago, Marekani, kulifunguliwa jengo mupya la opitali ya watu waliovunjika mugongo, waliokatwa muguu ao waliopooza. Lilijengwa kwa dola milioni 550. Jina lake ni Shirley Ryan AbilityLab. Shirley ni bibi ya Patrick Ryan, mutu aliyepata mali yake mu kazi ya bima. Bwana na bibi walitoa zawadi kubwa, na opitali iliyoanzishwa tangu 1954 kwa jina lingine ikapewa jina la mama.

Mule ndani, watu wanaotafuta vyombo vipya wanatumika chumba kimoja na wagonjwa. Mutu anajifunza kutembea, na pembeni yake fundi anaangalia ni wapi muguu unakwama. Ni kazi nzuri, tunaisifu.

Juu ya nini tunawaletea habari ya Chicago? Juu kwetu pia, kila mara udongo unapoangukia watu mu mashimo, tunasikia maneno yale yale, ku matanga na mu taxi: « Siye pia tungepata tajiri mumoja kama ule! » Hatuwacheki wanaosema vile. Mutoto wako akilala chini miezi sita, utaomba hata kwa mawe.

Lakini tuangalie ile kazi yenyewe iko namna gani. Mutu aliyevunjika mugongo, kidonda kikipona, bado hajamaliza. Lazima kumugeuza kitandani kila saa 2, usiku na muchana, kama hapana mwili utaoza. Lazima afundishwe namna ya kukojoa bila kuharibu figo, na namna ya kujitoa kitandani na kukaa mu kiti cha magurudumu. Aliyekatwa muguu, ule wa kutengeneza unachakaa: mukubwa anaubadilisha kisha miaka 3 ao 5, mutoto mbele ya ile, juu anakomaa. Kijana wa miaka 25 anayepoteza muguu leo atahitaji karibu miguu 10 mbele ya kufikia uzee. Wa kwanza, pengine mutu wa huruma atautoa. Wa pili, nani? Na wa saba?

Kwetu Kongo, Shirika la Umoja kule Goma na Heri Kwetu kule Bukavu vinasaidia watu wengi kutembea tena, na CICR inavitegemeza. Lakini 2023 CICR yenyewe ilikosa franga, ikapunguza kazi sehemu nyingi za dunia. Anayetoa kwa huruma njo anachagua wapi, na lini ataacha. Familia ya Ryan ilichagua Chicago. Ni haki yao.

Wachimbaji wa makaa ya mawe kule Uingereza walipata njia ingine. Sheria ya 1920 iliamuru wenye mine watoe penny moja kwa kila tani inayotoka chini, franga ile iende ku maisha ya wachimbaji. Haikuwa zawadi, na hakuna mutu alipigiwa makofi. Kule Wales ile njia ilizaa nyumba ya Talygarn, ambayo 1943 ikawa kituo cha kurudishia nguvu wachimbaji waliovunjika.

Sasa tuhesabu ya kwetu. Inchi yetu inatosha zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka. Dola 1 tu kwa kila tani, tayari ni zaidi ya milioni 2 kila mwaka, bila kungoja tajiri.

Na sheria zingine ziko tayari. Mwenye kontra, patron wake anapashwa kulipa CNSS 1,5% ya mushahara juu ya ajali za kazi. Ndugu, ulizeni kama inalipwa kweli, tena ulizeni mukingali na miguu miwili. Creuseur, yeye hana patron wala CNSS. Akivunjika, ni mama wa nyumba njo anakuwa opitali, munganga na kiti cha magurudumu. Kwake tunaona mulango mumoja: kode ya mine ya 2018 inaomba kila kompani inayochimba itoe 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka, na wajumbe wa wakaaji wanakaa ku meza pale franga inagawanywa.

Pale wanaomba shule, maji, barabara. Ni sawa. Lakini mu ile orodha, ni mujumbe gani ameandika chumba kimoja cha kufundishia watu kutembea tena, pamoja na mushahara wa fundi wa miguu kwa miaka 10? Wajumbe wenu munawajua majina. Muwaulize.