Rahisi Haivunji Kila Upishi

Wahenga waliosema kwamba rahisi huvunja upishi walikuwa wakizungumza na mpishi. Hawakuwa wakimsema kila mnunuzi wa kila kitu, wala hawakuwapa wenye maduka ruhusa ya kuigeuza methali hiyo kuwa fimbo ya kutuchapia. Siku hizi ukitaka kununua kitu cha bei ya chini, iwe jembe, saa au miwani, hukosi mtu wa kukutazama kwa huruma na kukukumbusha upishi. Nataka kubishana na watu hao, na nitabishana nao juu ya kitu kidogo ambacho huenda wasomaji wengi hawajakishika: kilengeo cha nukta nyekundu, kifaa kinachofungwa juu ya bunduki ndogo ya 22, ile ya kupigia makopo.

Katika Nachingwea na Ruangwa wenye bunduki ya namna hiyo kwa leseni ni wachache. Silaha tuliyoizoea huku ni shotigani ya kulindia shamba dhidi ya nguruwe na nyani, na kabla yake gobore la mababu. Hata hivyo wapo wastaafu na wenye mashamba ya mikorosho walioruhusiwa kuwa na 22, nao hupenda kujipima shabaha jioni. Hao ndio wanaosumbuliwa na swali hili: ninunue nukta ya dola 50, au ile ya dola 500 ambayo muuzaji anaapa kuwa ndiyo ya kweli?

Kwanza tujue kitu chenyewe. Wengi hudhani kwamba nukta nyekundu ni mwali unaorushwa hadi kwenye shabaha, kama ile kalamu ya mwanga wanayochezea watoto. Sivyo. Ndani ya kifaa mna taa ndogo sana inayomulika kioo kilichopinda, na kioo hicho hurudisha mwanga kwenye jicho la mpigaji. Yeye peke yake ndiye anayeiona nukta, nayo huonekana kana kwamba iko mbali, pale ilipo shabaha. Wazo hili si geni. Howard Grubb wa Dublin alilipatia hataza mwaka 1900, na kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa nukta ya kwanza ya umeme mwaka 1975. Taa, kioo, betri na skrubu mbili za kurekebishia: hakuna siri hapo ya kuuzwa dola 500.

Wapinzani wangu wako makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wazee wenzangu, nao hawataki nukta yoyote, ya rahisi wala ya ghali. Wanasema mwanamume hulenga kwa ufa wa nyuma na kijiti cha mbele, basi. Hapa kwetu wana ushahidi wa karibu: vijana wa FRELIMO waliofunzwa katika kambi ya Nachingwea wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kati ya mwaka 1964 na 1974, walipigana kwa ufa na kijiti, na wakashinda.

Ni kweli. Lakini wale walikuwa vijana. Hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kuona wazi kwa mara moja vitu vitatu vilivyoachana: ufa, kijiti na shabaha. Jicho la kijana hurukaruka upesi kutoka kimoja hadi kingine. Jicho la mtu wa miaka 70 hushindwa kukiona kilicho karibu, na ndiyo maana tunasogeza gazeti mbali tunaposoma. Nukta huondoa viwili kati ya vile vitatu. Unaitazama shabaha, macho yote mawili wazi, na nukta iko pale pale. Mzee anayevaa miwani kusoma barua, kisha akaikataa nukta kwa kuwa ni udhaifu, hana hoja; ana majivuno tu.

Kundi la pili ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa linachukua fedha. Hawa husema nukta ni nzuri, lakini ya bei ya chini ni takataka. Mstaafu mmoja jirani yangu aliambiwa na muuzaji kwamba bila kifaa kama cha wanajeshi atakuwa anacheza. Mimi nauliza: kifaa cha wanajeshi kimetengenezwa kustahimili nini? Kustahimili kuzamishwa majini, kuangushwa kutoka kwenye gari, kukaa juu ya bunduki inayopiga bega kama teke la punda, na kuwaka bila kubadilishwa betri. Zipo zinazotangazwa kuwaka saa 50,000, yaani zaidi ya miaka mitano. Anayehitaji hayo na alipe. Lakini 22 ina teke la paka. Makopo hayarudishi risasi, wala mstaafu haruki kwa mwavuli usiku. Kumuuzia uwezo asioutumia ni kumuuzia mvuvi wa mto Mbwemkuru meli ya kuvukia bahari.

Sisi watu wa Nachingwea tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba ukubwa wa gharama ni ushahidi wa kufaa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Waliingia na fedha, matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mwaka 1951 serikali yao ilikubali kwamba karibu pauni milioni 36 zimepotea, na reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fedha hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwanza: ardhi hii inataka nini, na mvua yake ni ya namna gani?

Basi tuulize na sisi: 22 inataka nini? Inataka kilengeo kinachobaki pale ulipokiweka. Hilo ndilo sharti kubwa, na lina mtihani wake. Piga risasi tano kwenye karatasi, mita 25, ukiwa umeegemeza bunduki. Kisha zungusha skrubu mibofyo 20 juu, 20 kulia, 20 chini na 20 kushoto, ukipiga kila kona. Ukirudi mwanzo, risasi nazo zirudi mwanzo. Kiache kifaa juani saa moja, kigonge kwa kiganja, halafu piga tena tano. Kikifaulu, hakina haja ya kuona aibu kwa bei yake. Kikishindwa, kirudishe, hata kama kiliuzwa dola 500.

Yapo na mambo madogo yanayowaponza wanunuzi. Bunduki nyingi za 22 zina mfereji mwembamba wa milimita 11 juu yake, lakini nukta nyingi zimetengenezwa kwa reli pana. Pima kabla ya kulipa. Ukubwa wa nukta hutajwa kwa dakika za pembe, na dakika moja ni karibu sentimita 3 kwa mita 100. Nukta ya dakika 3 kwa mita 50 hufunika sentimita 4 na nusu hivi, na kopo la maziwa bado unaliona. Ya dakika 6 hulifunika kopo lote. Chagua betri ambayo fundi saa wa mjini anayo. Na ukiiona nukta kama koma au nyota, usikimbilie kulaumu kifaa: piga picha kupitia kioo chake kwa simu. Picha ikionyesha nukta ya mviringo, jicho lako ndilo lenye kasoro, na dola 500 hazitalinyoosha.

Iko hali moja ambapo nawaunga mkono wanaosema rahisi huvunja upishi. Bunduki ya upepo yenye springi kubwa hutikisika mbele na nyuma, na mtikisiko huo huua vilengeo dhaifu. Mwenye bunduki hiyo atafute kilichotengenezwa kwa ajili yake. Kwa hiyo sisemi kwamba kila rahisi ni kizuri. Nasema bei si mtihani. Kazi ndiyo mtihani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nukta, ya rahisi au ya ghali, hukuonyesha mahali risasi itakapogonga. Haikuonyeshi kilicho nyuma yake. Risasi ya 22, ndogo kama punje ya muhindi, ikipigwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Katika vijiji vyetu, kilomita moja na nusu kutoka shamba lolote kuna njia ya wanafunzi, kisima, au mama anayeokota korosho chini ya miti. Mtu aliyenunua kifaa cha dola 500 hujiona amenunua na uhakika, naye hulegeza macho. Huko ndiko upishi unakovunjika, na chungu kinachovunjika huko ni mtoto wa mtu.

Kwa hiyo zile dola 450 alizookoa mwenye nukta ya rahisi zina kazi. Ziende kwenye risasi za mazoezi, kwa maana hakuna kioo kinachofundisha kidole kuvuta polepole. Ziende kwenye kasha la chuma lenye kufuli. Ziende kwa vibarua wa kujenga tuta la udongo nyuma ya makopo, au, kama shamba lina kichuguu kikubwa, kwa kusafisha mbele yake, kwani kichuguu ni ukuta tuliopewa bure. Na kabla ya kufunga chochote juu ya silaha, mwenye leseni aende polisi wilayani akaulize, kwa kuwa sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 haina mzaha, na swali halilipiwi.

Mtu akikucheka kwa sababu nukta yako ni ya dola 50, mwombe akuonyeshe tuta lake.